Usimwite mtoto aliye ng'ambo ya barabara

Januari hii nimepokea watoto wapya kumi na mmoja, na wazazi wao karibu wote wameniuliza jambo moja. Fomu yetu ya ruhusa ya matembezi ina mambo ya kawaida: namba ya simu, chakula kinachomdhuru mtoto, nani atakuja kumchukua. Halafu chini kabisa, kwa herufi nene, pana maneno haya: "Ukikutana na mwanao njiani akiwa na walimu, na wewe uko upande wa pili wa barabara, usimwite wala usimpungie mkono. Vuka wewe umfuate." Baba mmoja alicheka. "Mwalimu, kwa hiyo mwanangu mwenyewe nisimsalimie?" Nikamvutia kiti, nikamsimulia. Nimeona bora niandike kabisa, kwa sababu kila mwaka nasimulia na kila mwaka sauti inanikauka palepale.

Nafundisha chekechea Ngamiani, Tanga. Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne. Kwa asiyeujua mji wetu, Ngamiani ndiyo ile mitaa ya namba, Barabara ya 1 hadi ya 21, imepangana utadhani imepigwa rula. Nyumba zimesogea njiani, baraza zinagusana na barabara, na karibu kila kona ina kijiwe cha bodaboda. Baiskeli ndiyo usiseme, Tanga ni mji wa baiskeli tangu enzi za babu zetu. Ukitoka kwetu kwenda mjini na baharini lazima uvuke reli, na kabla hujafika utakuwa umevuka pia barabara mbili zenye magari mengi. Si mbali. Mtu mzima anatembea dakika ishirini. Mimi na watoto kumi na wanane wa miaka minne na mitano tunatumia karibu saa nzima.

Tunakwenda Jamhuri, ile bustani inayotazama bandari. Watoto wanakaa kwenye majani, wanakula mihogo ya kuchemsha, wanahesabu meli, wanauliza kama kule kwenye kisiwa cha Toten kuna simba. Sitaki kuyaacha matembezi haya. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia, "Wafungie getini, ulale usingizi." Lakini hapa kwetu mtoto wa miaka mitano anatumwa dukani kununua chumvi na kiberiti. Asipotembezwa na mwalimu, atakutana na barabara peke yake, sarafu mkononi. Afadhali aanze kuijua mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mtu mzima.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwaka 2019. Tulikuwa tunarudi, saa sita kasoro, jua la utosi. Tulikuwa walimu wawili na mpishi wetu, na watoto kumi na wanane wameshikana mikono wawili wawili. Tukasimama kando ya barabara kubwa kungoja nafasi ya kuvuka. Ng'ambo, kwenye genge la mboga, mama wa mmoja wa watoto wetu alikuwa ananunua mchicha. Akageuka, akatuona, uso ukachanua. Akanyanyua mkono wenye fungu la mchicha, akaita jina la mwanawe.

Mtoto hakuvunja sheria yoyote aliyoijua. Mama akikuita unaitika, na unaitika kwa kukimbia. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tunavyowalea wote. Vidole vyake vikachomoka kwenye mkono wa mwenzake. Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Bodaboda ikachomoza nyuma ya daladala, na yule kijana akaona bora aanguke na pikipiki yake kuliko kumgonga. Nilisikia chuma kikiburuzika kwenye lami, kisha kimya. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya barabara, mzima, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Kijana alichubuka kiwiko na goti, taa ya mbele ya pikipiki imevunjika, anatetemeka na kurudia, "Mama, sikumwona. Wallahi sikumwona." Mama mtu bado ameshika mchicha wake.

Mtoto alilia baadaye sana, tulipofika shuleni, kwa sababu ya ndala.

Kilichoninyima usingizi ni wimbo. Asubuhi ile, kabla hatujatoka getini, mtoto huyohuyo ndiye aliyetuongozea wimbo wetu wa barabara: tazama kulia, tazama kushoto, kulia tena, ndipo uvuke. Anaujua wote, na vitendo vya mikono juu yake. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtoto anayeuimba vizuri atavuka vizuri. Haiko hivyo. Mtoto wa miaka minne anaweza kukutamkia kanuni nzima na dakika ileile isimfae kitu, kwa sababu ameona mpira, au paka, au mama. Hata akikumbuka kutazama, hawezi kupima mwendo wa kinachokuja. Kwake pikipiki iliyo mbali ni kitu kidogo, na kitu kidogo hakitishi. Uwezo wa kupima umbali na mwendo kwa pamoja unakuja polepole, mpaka mtoto akaribie miaka kumi. Wimbo bado tunauimba, kwa sababu utawafaa mbele ya safari. Lakini kumrudisha mtoto nyumbani salama ni kazi yangu mimi, na siwezi kuitwisha wimbo.

Lile neno la kijana, "sikumwona," nalo sikulielewa siku ile. Nilidhani ni la kujitetea, kama tunavyozoea kuwafikiria vijana wa bodaboda. Baadaye ndipo nilipopata ushahidi wake.

Jirani yetu ana Fuso la kubebea mchanga. Nilimwomba aliingize uwanjani kwetu, azime injini, aweke mawe mbele na nyuma ya matairi, na funguo anikabidhi mimi. Funguo nikazitia mfukoni. Nikamwambia mpishi awapange watoto watano mbele ya gari, migongo karibu iguse bampa. Mimi nikapanda kwenye kiti cha dereva.

Niliuona uwanja, mwembe, ukuta wa choo, kuku wawili wa jirani. Watoto sikuwaona. Nilisikia mmoja akicheka chini yangu, basi. Mbele ya kioo palikuwa uwanja mtupu. Nikamwambia mpishi awasogeze mbele hatua moja: ikatokea ncha ya hijabu nyeupe. Hatua nyingine: mapaji ya nyuso mawili. Iliwabidi wasogee hatua nne ndipo niweze kuwahesabu wote watano. Nikashuka, akapanda jirani. Mtu aliyeendesha magari makubwa miaka ishirini alikaa kitini mwake mwenyewe akitazama, hasemi kitu. Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla hajawasha gari analizunguka kwa miguu, anaita kwa sauti, "Watoto! Watoto!" Mtaa mzima unamsikia.

Halafu nikafanya upande wa pili. Nilikwenda kuchuchumaa pale walipokuwa wamesimama, macho yangu yakawa usawa wa macho yao. Tulishawapima kwenye fremu ya mlango: mrefu kuliko wote alikuwa na sentimita 112, mfupi 94. Kutoka kimo hicho, bajaji iliyoegeshwa ni ukuta. Meza ya muuza maandazi ni ukuta. Mtoto akitaka kujua kama kuna gari, lazima kwanza aingie barabarani ndipo aone. Tunamgombeza kwa kuchomoza, na kuchomoza ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kutazama. Mwalimu yeyote anayesoma hapa, nakuomba ufanye hivyo mara moja tu, uchuchumae nyuma ya gari lililosimama utazame barabara. Itakukaa kichwani kuliko semina yoyote.

Nilimwita mama wa mtoto na yule kijana wa bodaboda waje waone. Kijana alikuja na kiwiko bado kina bandeji. Taa yake tulilipa nusu kwa nusu, shule na mama.

Ukiingia getini kwetu leo utaona mistari miwili ya chokaa uwanjani. Fundi alituazima tepu ya kupimia. Toka geti hadi mstari wa mbali, chini ya mwembe, ni mita 14. Chombo kinachokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, kinamaliza mita hizo ndani ya sekunde moja. Na hiyo sekunde dereva ameimaliza kwa kushtuka tu, breki bado hazijashika. Mstari wa karibu, penye beseni la kunawia, uko mita 8. Hapo ndipo anapofika kwa sekunde hiyohiyo akiwa kwenye kilomita 30. Kwenye kikao cha wazazi nawatembeza wote, mstari mmoja hadi mwingine, wasikie kwa miguu yao. Mwaka 2020 nchi zilikutana Stockholm zikakubaliana kwamba mahali watu wa miguu wanapochanganyika na magari mwendo usizidi kilomita 30, na Shirika la Afya Duniani linatukumbusha kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Si malaria. Sisi wa pwani tunanunua vyandarua bila kuulizwa mara mbili. Tuta la barabarani tumeliombea miaka miwili, tukaandika barua serikali ya mtaa, tukakusanya saini, mpaka likamwagwa.

Dar es Salaam wametangulia. Shirika la Amend, linaloshughulikia usalama wa barabarani, lilizikagua njia wanazopita watoto kwenda shule za msingi, likaweka matuta, njia za miguu, zebra na vinguzo vya kuzuia magari, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na WRI, yaani Taasisi ya Rasilimali Duniani. Ninapenda kwamba walianza na barabara. Hawakuanza kwa kumlaumu mtoto. Lakini chekechea ya uchochoroni kama yetu haiwezi kungoja mtu aje. Inatembea na kile ilicho nacho.

Tulicho nacho ni mikono, na mikono inahesabika. Zamani tulitoka watu wazima watatu kwa watoto kumi na wanane. Sasa hatutoki bila watu wazima sita. Wawili ni walimu, mmoja mpishi, watatu ni wazazi au bibi, kwa zamu. Siku zamu isipotimia hatutoki, hata kama mihogo imeshachemshwa. Yametukuta mara mbili. Watoto walilia, tukala mihogo chini ya mwembe.

Mikono nayo ina namna ya kushika. Mtoto ukimshika vidole, anachomoka kama kambale. Mshike kifundo cha mkono, kidole gumba chako juu ya mfupa, bila kubana. Bibi mmoja ndiye aliyetufundisha, amelea wajukuu tisa. Wadogo zaidi na wale wenye mbio tunawashika sisi wenyewe. Waliobaki wanashika kamba ya manila yenye vitanzi, kila mmoja na kitanzi chake cha rangi yake. Wanashika tu, hawafungwi. Mzazi aliyewahi kupendekeza tuwafunge viunoni nilimkatalia, kwa sababu mmoja akianguka kumi watamfuata, na gari likija huna namna ya kumnyakua mtoto aliyefungwa. Na tukifika mahali pa kuvuka, kamba inakunjwa, inaingia begani mwangu. Barabara tunaivuka kwa mikono mitupu, mafungu madogo madogo, mtu mzima mmoja na watoto watatu, wengine wamekaa chini kabisa kwenye majani wakisubiri zamu. Kukaa ndiko kulikotusaidia kuliko yote. Mtoto aliyesimama ameshaanza kukimbia. Aliyekaa lazima kwanza ainuke, na kuinuka kwake kunanipa mimi nafasi.

Tunatembea upande wa kulia, kwa sababu magari yetu yanapita kushoto, na kwa hiyo yanayotupita kwa karibu yanatujia usoni. Mtu mzima anakuwa upande wa lami, mtoto upande wa ukuta. Vizibao vya rifrekta tulishonewa na fundi wa mtaani, vya njano. Jina la mtoto halionekani nje, maana asiyemjua akimwita kwa jina lake atamfuata. Mkononi anavaa utepe wenye namba ya simu ya shule. Tunatoka saa tatu asubuhi, watu wakiwa wameshaingia makazini, na lazima tuwe tumerudi kabla ya saa sita, kabla shule za msingi hazijamwaga watoto na bodaboda hazijaongeza mwendo kuwafuata abiria wa mchana. Siku moja kabla, mimi na mpishi tunaipita njia yote bila watoto. Inashangaza jinsi barabara inavyobadilika ndani ya wiki: mtaro umefunguliwa mfuniko, mtu amemwaga kokoto pembeni, genge jipya limekalia njia ya miguu yote. Mambo hayo uyajue peke yako, usiyagundue na watoto kumi na wanane nyuma yako. Reli tunaivuka kama barabara nyingine yoyote, tunasimama, tunasikiliza, hata kama siku hiyo hatutarajii treni.

Baiskeli naziogopa kuliko wanavyodhani wengi. Hazina mlio, na zinapita palepale pembeni tunapotembea sisi. Mpishi ndiye mwenye kazi ya kuzitazama, anakaa nyuma kabisa na akiiona moja anasema "Baiskeli!" na watoto wote wanabandika migongo ukutani. Wanaipenda sana hii, wanaifanya hata nyumbani, wazazi wananiambia.

Jambo moja limenichukua muda mrefu kuliamini, nalo ni hisani ya dereva. Unafika na watoto wako pembeni, dereva wa daladala mwenye utu anasimama, anatoa mkono dirishani, "Piteni, mama, piteni." Moyo unafurahi, unataka kumshukuru kwa kuvuka haraka. Usivuke bado. Yeye amekuona, lakini aliye nyuma yake hakuoni, anaona daladala imesimama na anataka kuipita. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule, bodaboda ilitoka nyuma ya daladala. Hata kwenye zebra, ambako sheria iko upande wetu, mimi natangulia peke yangu hadi ubavuni mwa lile gari lililosimama, nachungulia, natoa kibendera changu chekundu, na mpaka nione kwamba upande wa pili nako wamesimama ndipo nageuka na kuwaita. Wakati mwingine dereva anachoka, anaondoka zake. Namwinulia mkono wa asante hata hivyo. Tunangoja mwingine.

Tunahesabu mara tano: getini, kabla ya reli, baada ya kila barabara kubwa, na tukifika. Nahesabu kwa kugusa vichwa, kwa sauti. Mpishi anahesabu kivyake. Namba zetu zisipolingana, hakuna anayepiga hatua.

Yule mtoto sasa yuko shule ya msingi. Mama yake alijifungua mwingine, na mwaka jana akatuletea, wa kike, ana miaka minne na mbio kuliko kaka yake. Alhamisi moja ya Oktoba tulikuwa tunarudi kutoka Jamhuri, tukafika kwenye barabara ileile. Ng'ambo, mbele ya genge, nikamwona mama, kikapu mkononi. Na yeye akatuona. Nikaona mdomo wake ukifunguka, kisha mkono ukapanda ukauziba. Akaweka kikapu chini. Akageuza mgongo kabisa, akatazama ukuta wa duka.

Binti alikuwa kwenye fungu langu, nimemshika kifundo cha mkono. Akasema, "Ticha, yule mama yangu." Nikamwambia ndiyo, nimemwona, kaa chini. Akakaa. Nikahisi mishipa yake ikipiga chini ya kidole changu mpaka malori mawili na baiskeli moja zilipopita, nami nikatangulia kuchungulia.